Mtathmini Aliyeandika kwa Penseli

Mtathmini hakuwahi kuingia nyumba ya mtu kupitia sebuleni. Alikuwa akifika, anavua kofia, anatoa salamu ya Kiha, "Mwakeye", kwa lafudhi iliyowafanya akina mama watazame chini wasicheke, kisha anazunguka nyuma moja kwa moja mpaka jikoni. Mwenye nyumba, aliyekwisha kutandika kitambaa mezani na kuazima viti kwa jirani, anabaki mlangoni na tabasamu lake. Mimi mkalimani ndiye niliyebaki kuomba radhi. Kwa miaka mitatu niliyotembea naye niliomba radhi nyingi kwa ajili yake kuliko nilizowahi kuomba kwa makosa yangu mwenyewe.

Tulimwita Mtathmini tu. Jina lake lilikuwapo kwenye barua, lakini hata mkuu wa mradi alisema "Mtathmini anakuja wiki ijayo" kwa sauti ambayo wenye mashamba hutumia kusema mvua ya mawe inakuja. Mradi wetu ulikuwa na ofisi Kasulu na tawi dogo Kibondo. Ulisaidia wakulima walime bila kuumaliza udongo wa milimani: matuta ya kukinga maji, mbolea ya samadi, miche ya miti. Ulisaidia pia vikundi vya mafundi vilivyokuwa vinaanza biashara ya majiko yanayokula kuni kidogo, na viwili vitatu vilivyojenga mitambo ya gesi ya samadi. Miaka ile ya tisini kuni zilikuwa ndiyo habari ya mjini na ya shambani. Wakimbizi walikuwa wameingia kwa wingi, vilima vimebaki upara, na mwanamke wa Kasulu aliyekuwa akitembea nusu saa kutafuta kuni sasa alitembea nusu siku. Kila mwaka, kabla wafadhili hawajatoa fedha za awamu nyingine, walimtuma mzee huyu mmoja aje aangalie kama tulichoandika kwenye ripoti kipo. Akisema hakipo, kikundi kinaondolewa. Hakukuwa na rufaa.

Niseme mapema kilichokuwa kinanitia hofu, maana bila hicho mtu atashangaa kwa nini nilimwogopa mzee mpole namna ile. Kati ya wakulima wa mradi huko kijijini Titye alikuwapo mjane mmoja, naye alikuwa mama yangu, na ofisini hakuna aliyejua. Mama alikimbia kutoka Burundi nikiwa mtoto wa mgongoni. Alipewa pa kulima na mzee mmoja wa Kiha, kwa maneno tu, bila karatasi. Mimi nilisoma shule za hapa, nikazungumza Kiha cha hapa, na nilipoomba kazi ya ukarani nikajaza kwamba ni mzaliwa wa Kasulu. Miaka ya nyuma uongo kama huo haukumdhuru mtu. Lakini sasa minong'ono ilikuwa imeanza, sokoni na kanisani, kwamba wenye asili ya ng'ambo wasio na karatasi watatolewa vijijini na kupelekwa kambini, hata waliokaa miaka ishirini. Lisemwalo lipo. Na hapo ndipo anapokuja mtu ambaye kazi yake ni kuingia jikoni na kuandika kila anachokiona.

Aliandika kwa penseli. Alikuwa na tatu mfuko wa shati, zote amezichonga kwa wembe mpaka zikawa kali kama sindano, na kifutio alichokifunga kwa uzi kwenye jalada la karatasi zake kisipotee. Mkuu wa mradi aliwahi kumpa kalamu nzuri ya wino, zawadi, labda na ya kulainisha moyo pia. Akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akampa dereva. Alisema kalamu ya wino ni ya watu wasiokosea. Shambani ni penseli. Wino ungekuja baadaye, ofisini, akisha kutulia.

Kifutio kile nilikiona kikifanya kazi mara moja tu, Kibondo. Kulikuwa na kikundi cha akina mama kilichofinyanga majiko, nasi tulikuwa tumeandika kwamba kaya zote za mtaa ule zinayatumia. Mtathmini akaingia jikoni la kwanza, akapitisha kidole mdomoni mwa jiko, kidole kikatoka cheupe. La pili, cheupe. La tatu hivyo hivyo. "Jiko lisilo na masizi halijapika," alisema, akaandika. Akina mama walikuwa wamesimama pembeni wanafurahi, hawajui kwamba wameshaangamia. Nilimweleza kwamba huku kwetu mgeni akitangazwa, nyumba husiribwa upya kwa udongo mweupe, na kwa kuwa walijua mgeni wao ni wa majiko, wakasiriba na majiko. Ilikuwa heshima. Alinisikiliza, akaniambia kuwa heshima haina masizi, akaendelea kuandika. Yule mwenyekiti wa kikundi akaniuliza kwa Kiha kama mzee amependa rangi.

Kilichowaokoa ni mazoea yake mengine. Watu wote wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na wanasema kwa utani. Yeye aliifanya kuwa kanuni ya kazi. Kila alipotathmini alikaa siku tatu, na siku ya tatu alidai jembe. Alidai kweli, akakunja suruali, akaingia shambani na wenyeji akalima mpaka jua likawa kali, huku akikohoa, maana alivuta sigara. Alikuwa na imani kwamba siku ya kwanza watu wanakuonyesha sherehe, ya pili wanakuonyesha uchovu wa sherehe, na ya tatu wanasahau upo. Basi pale Kibondo siku ya tatu akina mama walisahau yupo, wakapika. Udongo mweupe ukapasuka kwa moto, masizi yakachungulia. Akapita nyumba zote tena, kidole kile kile. Kisha akaketi juu ya kinu kilicholala, akafuta, akaandika upya, akapuliza vumbi la kifutio. Hakumwomba mtu radhi. Ila alininunulia soda, na mimi nilielewa hivyo.

Watu wakiniuliza alikuwa mtu wa namna gani, nashindwa. Alihubiri kuokoa kuni mchana kutwa, na asubuhi hakuweza kuoga mpaka achemshiwe maji ya moto ndoo nzima. Mhudumu wa nyumba ya wageni alikuwa akilalamika kwamba mzee wa majiko anamaliza kuni kuliko wateja wote. Alichukia uongo kama ukoma, na nywele zake alizipaka rangi nyeusi ambayo ikinyesha mvua ilishuka shingoni. Hakula chakula cha karamu wala kipande cha nyama ya mbuzi aliyechinjwa kwa ajili yake, akisema kinywa kilichojaa hakiulizi vizuri. Kisha ungemkuta nyuma ya nyumba ameketi kwenye gogo na bibi fulani, wanakula mahindi ya kuchoma, yeye anauliza, bibi anajibu kwa Kiha, hakuna anayemwelewa mwenzake na wote wawili wameridhika.

Swali lake lilikuwa moja. "Na baada ya hapo?" Ukimwambia tumechimba matuta, anauliza na baada ya hapo. Ukimwambia mvua ilikuja, udongo haukuondoka, na baada ya hapo. Maharagwe yalizidi, tukauza, tukanunua bati. Na baada ya hapo? Mafundi vijana waliigiza swali hilo wakimcheka, kila mmoja akitongoza au akikopa soda anaulizwa na wenzake, na baada ya hapo? Mimi halikunichekesha. Nilijua siku moja atalipeleka Titye.

Huruma alikuwa nayo, ila alijua kuificha kwenye karatasi. Buhigwe kulikuwa na kikundi cha mafundi watano waliojenga mtambo wa gesi ya samadi. Walikuwa mafundi hodari kwelikweli. Shimo lao, bomba lao, vyote safi. Walichokosa ni ng'ombe. Wale waliowanunua mwanzo walikufa kwa ugonjwa, na samadi ikaisha, na gesi ikaisha. Siku ya ugeni tukakuta ng'ombe wanne wamefungwa bandani, wanatafuna, na moto wa bluu unawaka kwenye jiko. Mkuu wa mradi alinibonyeza ubavuni kwa furaha. Mtathmini alimpapasa ng'ombe mmoja shingoni, akaomba chai, akaketi. Akaomba nyingine. Mazungumzo yakaisha, sisi tukawa tunatazama gari, yeye hatazami gari. Jua liliposhuka, mmoja wa mafundi aliwafungulia ng'ombe wanywe maji. Wakanywa. Kisha wote wanne, bila kuambiwa na mtu, wakapanga mstari wakapanda njia kuelekea kwao, kwa jirani aliyewaazimisha pamoja na samadi ya wiki kadhaa. Hakuna aliyecheka. Mtathmini akawatazama mpaka walipopinda kona, akatoa penseli.

Kikundi kile kiliondolewa. Wale mafundi wangesema tu kwamba ng'ombe wamekufa, nadhani angewaandikia waongezewe wengine. Alikuwa amefanya hivyo mahali pengine. Tulipoondoka, baada ya siku zake tatu, chai ya kwenye chupa yake hakuigusa njia nzima. Tulipokaribia Kasulu alisema, kama anayejisemea, kwamba ni vijana wazuri wale, na mtambo wao wa samadi ulikuwa umejengwa vizuri kuliko mingine yote aliyoiona. Nikamwuliza kama ameandika hayo pia. Akasema ameandika yote mawili. Nikajiambia moyoni: huyu hawezi kuacha kitu nje. Na Titye ilikuwa imebaki wiki mbili.

Jumapili kabla ya ziara nilikwenda kwa mama peke yangu. Tukapanga. Mimi ni karani kutoka ofisini, yeye ni mkulima, tusalimiane kama watu wa mbali. Mama alisikiliza huku anapepeta maharagwe. Aliona ni mambo ya ajabu, lakini aliona na uso wangu, akakubali. Nikamwomba pia asiseme lolote la kuvuka mpaka. "Sasa nikiulizwa?" aliniuliza. Nikamwambia mimi ndiye nitakayetafsiri.

Kuhusu miti tulikuwa na shida ambayo sikuweza kuipanga. Ripoti yetu ilisema kila kaya ya kikundi cha Titye imepewa miche ya mgrivelia na imeipanda juu ya matuta. Wenye mashamba yao walikuwa wamepanda. Kaya nne za waliopewa ardhi kwa maneno hazikupanda hata mmoja kwenye matuta. Mama alikuwa ameihamishia miche yake kwenye makopo ya mafuta ya msaada, ameyapanga nyuma ya jikoni kwa mstari, na kwa miaka miwili na nusu alikuwa akiimwagilia kwa maji ya kuoshea vyombo. Ilikuwa imenizidi urefu. Mizizi ilitoboa makopo chini, ikawa inashika ardhi kwa wizi, na mama kila mwezi aliyainua makopo na kuikata kwa panga.

Mtathmini alifika, akavua kofia, akazunguka nyuma. Mama alinisalimia vizuri mno, kwa umbali hata nikaumia, akanipa kigoda kama mgeni. Mzee alikuwa ameshasimama mbele ya makopo. Alitembea kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho. Akainama, akagusa mzizi uliokatwa.

Akaniambia nimwulize kwa nini miti hii haiko ardhini. Nikamwuliza mama kwa Kiha. Mama akajibu kirefu, nami nikageuka nikasema kwamba anasema shamba bado halijawa tayari. Mama alijua Kiswahili cha kununulia chumvi na cha kanisani. Kilimtosha. Alinitazama, nikajua mpango wetu umekwisha.

"Hapana," alisema, akamgeukia mzee mwenyewe. "Bwana, shamba si langu. Huku mti ni kama mtu, ukiusimamisha ardhini umesema hapa ni pako. Mzee mwenye shamba alinipa pa kulima, hakunipa pa kukaa milele. Nikipanda mti ataona nangoja afe. Na kuutupa siwezi, ni mti. Ndiyo nimeuweka hapa."

Mtathmini alimwuliza ni kwa nini hana ardhi yake, na mama akamwambia. Mwaka waliotoka, mto waliovuka, mume aliyebaki. Alimwambia wazi, kama mtu anayemwambia daktari panapouma, na penseli ikawa inakwenda. Nilitaka kumnyang'anya karatasi, na nilitaka kumziba mama mdomo, na sikufanya lolote, nikatazama kuku.

Kutoka pale tulikwenda kaya tatu zilizobaki. Ya kwanza ilikuwa ya mwanamke aliyekaa chini kidogo ya kwa mama. Mimi nilimwita Mama Mkubwa, ingawa hatukuwa na damu moja. Walipovuka mto mama alikuwa na homa, hana nguvu, na aliyenibeba mgongoni siku zile zote alikuwa yeye. Naye siku ile alinisalimia kama karani, kwa sababu mama alikuwa amemwonya. Miche yake aliipanda nyuma ya choo katikati ya mihogo, isionekane. Alimweleza Mtathmini hivyo hivyo, akicheka kidogo kwa aibu. Nyumba ya pili na ya tatu hadithi zilikuwa zile zile. Kila mahali penseli.

Siku ya tatu alidai jembe, akalima kwa mama. Mchana mama aliivua sufuria, akatupakulia ugali na maharagwe, kisha akaukwangua ukoko akauweka kwenye sahani yangu. Hakuniuliza. Amefanya hivyo tangu nina meno. Mtathmini alitazama sahani yangu, akatazama ya kwake, akanawa mikono, akala.

Gari lilikuwa limebaki barabara kubwa, mwendo wa kama saa moja kwa mguu. Tulikuwa wawili njiani. Tulipopita migomba ya mwisho alisema bila kunigeukia, "Yule ni mama yako."

Sikukana. Nilikuwa nimechoka kuogopa, na unajua uchovu huo unavyofanya, mtu analainika ghafla. Nilimwambia yote, na minong'ono ya sokoni, na jinsi watu wanavyoanza kuulizana babu zao walizikwa wapi. Nilimwambia karatasi zake zikianguka mikononi mwa mtu, mama ataondolewa kwenye nyumba aliyoijenga. Alikuwa akitembea huku anapumua kwa shida. Akanieleza, kwa upole, kama anayemweleza mwanafunzi, kwamba asipoandika sababu, kaya zile zitaandikwa za wavivu waliokula miche ya mradi, na zitaondolewa. Akiandika sababu, mwakani mradi utalazimika kukaa na wenye ardhi wazungumze juu ya miti. Ukweli ndio utakaowasaidia, alisema. Aliamini hivyo. Mimi mwenyewe ningeamini, kama asingekuwa mama yangu.

"Naomba usimwandike mama," nilisema. "Nakuomba, mzee."

"Nimesikia," alisema.

Basi. Neno moja hilo, nikaishi nalo wiki saba. Garini alikaa na jalada magotini, penseli mkononi, haandiki. Nilidhani ni mashimo ya barabara yanamzuia.

Alibaki Kasulu kuandika ripoti, kwenye chumba cha nyuma cha ofisi yetu. Kila asubuhi nilimpelekea chai nikijaribu kusoma uso wake, na uso wake ulikuwa kama ukuta uliosiribwa. Sikuthubutu kuuliza tena. Nilianza kukosa hamu ya kula; fundi cherehani wa pale sokoni alinipunguzia sketi akaniuliza kama naolewa. Ndipo tangazo likatoka kwa wenyeviti wa vijiji, na minong'ono ikaisha kwa sababu sasa ilikuwa habari. Siku chache baadaye walikuja watu wawili na barua ya serikali. Walitaka orodha za wakulima kutoka kila mradi. Mkuu wetu alikuwa safarini, wakaonyeshwa chumba cha nyuma.

Mlango ulifungwa. Nilikaa kwenye mashine yangu ya chapa nikigonga herufi zisizo na maana ili nisionekane nasikiliza. Nilisikia kiti kikivutwa, nikamsikia akikohoa. Walipotoka, mmoja alikuwa na bahasha ya kaki kwapani. Nikajaribu kukumbuka kama alikuja nayo. Mpaka leo sikumbuki. Jioni ile Mtathmini alivaa kofia akaondoka bila kuniaga, akasahau chupa yake ya chai mezani.

Malori yalifika Titye siku ya gulio. Mama alikuwa amekwisha kufunga kitenge chenye sufuria na Biblia, amesimama mlangoni, hakutaka kukimbizwa mara ya pili. Mtu mwenye karatasi alimtazama, akaitazama karatasi, akamwuliza jina, akasema, "Jina lako halimo." Wakateremka kwenda nyumba ya chini. Mama Mkubwa aliomba afunge mlango wa jikoni kuku wasiingie, wakamruhusu. Kaya tatu zilipakiwa. Ya nne, ya mama, haikuguswa.

Nilipopata habari nililia kwa shukrani, sifichi. Nilijiambia Mtathmini amewaficha wale watu karatasi zote, na kwamba wale watatu wametajwa na majirani wenye uchu wa mashamba. Majirani wa hivyo walikuwapo, kwa hiyo ilikuwa rahisi kuamini. Sikuchunguza. Mradi wenyewe ulifungwa baada ya mwaka, wafadhili wakahamia kwingine, nami nikapata kazi Kibondo ya kufundisha wakimbizi kufinyanga majiko, ndani ya kambi ile ile walikopelekwa watu wa Titye. Nilikuwa na miezi mitano pale, kila siku asubuhi hadi alasiri. Kambi ni kubwa, nilijisemea. Tena Mama Mkubwa nitamwambia nini?

Mara ya mwisho kumwona Mtathmini ilikuwa Kibondo, katika mgahawa mmoja karibu na stendi, muongo ule ukielekea kwisha. Ilikuwa asubuhi yenye ukungu, watu wamejifunika mashuka. Sikumtambua upesi kwa sababu nywele zilikuwa nyeupe tupu. Alikuja kumwona binti yake, muuguzi wa hospitali. Kazi alikuwa ameacha, alisema, si kwa umri. Aliniuliza habari za mama, nikamwambia yupo, analima. Alifurahi. Akaniagizia maandazi.

Nilikuwa nimeyabeba maneno yale miaka yote, nikaona nisipoyasema leo sitayasema. Nikamshukuru. Nilisema Mungu ambariki kwa kuzificha karatasi, kwamba mama anamwombea kila Jumapili bila kujua jina lake. Aliweka kikombe chini.

"Sikuzificha," alisema. "Waliniuliza kama nina orodha, nikasema ninayo. Nikawapa."

Nilimwambia lakini mama hakuwemo.

"Mama yako nilimfuta. Nikaandika mwenyeji. Uliniomba mmoja, binti. Nilikaa na penseli mkononi toka tulipoingia garini mpaka Kasulu, nikisubiri uwataje na wale wengine."

Nikaukumbuka mgongo wa Mama Mkubwa, ulionibeba. Kisha hasira ikanipanda, na nikashukuru ilipopanda, maana ilikuwa afadhali kuliko kile kingine. Nilimwuliza kama ilikuwa lazima aombwe. Yeye mtu mzima, mwenye kifutio chake, alishindwa nini kuwafuta wote wanne?

"Nisingeshindwa," alisema. "Ndiyo maana nimeacha kazi."

Hakujitetea zaidi, nami sikuwa na haki ya kumshtaki zaidi. Nilipanga kuondoka, nikasimama, nikaketi tena, nikamwuliza kama anayakumbuka majina yao. Aliyataja yote matatu, ya wakuu wa kaya na idadi ya watoto, kwa mpangilio ule ule aliotumia kuyaandika, akiwa ameyakazia macho maandazi ambayo hakuna aliyeyala. Niliomba penseli. Akanipa, nikaandika nyuma ya risiti.

Saa tatu nilikuwa langoni mwa kambi. Mlinzi ananijua, akanipungia mkono nipite kwenda kwenye tanuru letu kama kila siku. Nikamwambia leo sijaja kwa majiko, natafuta mtu. Akafungua daftari lake, akaniuliza ni nani, nikamtajia jina la kwanza, la Mama Mkubwa.